Ng'ombe Mgonjwa Hakatazwi

Wiki iliyopita walikuja vibarua kukata ua wa minyaa unaozunguka shule yetu hapa Bariadi mjini, ili ujengwe ukuta wa matofali. Nilikuwa darasani naandika ubaoni. Harufu ya utomvu ikaingia dirishani, ile harufu kali ya ubichi inayokaa kooni kana kwamba umelamba jani, nikashindwa kumaliza sentensi. Sentensi yenyewe ilihusu rasilimali za msitu wa mvua. Niliiacha nusu nikakaa kwenye kiti, watoto wakaanza kunong'ona kwamba madamu anaumwa. Siumwi. Nimechoka tu, na wenzangu wa rika langu mnaujua uchovu huu: unalala nao, unaamka nao, unaupeleka kazini.

Mada hiyo naifundisha kila mwaka. Kila mwaka hujitokeza mtoto anayeuliza huo msitu uko wapi, nami humwonyesha kwenye ramani, kule mashariki, milimani. Zamani nilifurahi kuulizwa. Siku hizi najibu huku nafuta ubao. Naogopa asije akauliza swali la pili, kwamba sisi hapa tuna nini, maana jibu lake ninalo na sipendi kulitoa mbele ya watoto.

Aliyenifundisha mimi mada hiyo alikuwa Mwalimu Shemweta, Msambaa wa Lushoto, aliyepangiwa shule ya kijijini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka Dutwa. Alishuka kwenye basi na begi moja na mwamvuli. Mwamvuli ule ulitufurahisha sana. Ilikuwa majira ya kuvuna pamba, mbingu nyeupe, jua linapasua ardhi nyeusi, na yeye anatembea na mwamvuli kwapani kama mtu aliyeambiwa mambo yetu na mwongo. Alikuwa kijana, mwembamba, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sisi tulioongea Kisukuma nyumbani na kukutana na Kiswahili shuleni. Tulimpenda upesi. Hakuwa mwepesi wa fimbo.

Siku aliyofundisha misitu alichora ubao mzima, mpaka chaki ikaisha akaazima darasa la pili. Chini kabisa aliweka giza na majani yanayooza, juu yake vichaka, juu yake miti, na juu ya miti hiyo miti mingine mirefu zaidi iliyotokeza kama watu warefu kwenye mkutano. Akasema msitu wa kwao una ghorofa. Sisi ghorofa tulikuwa hatujaiona. Dutwa yenyewe wakati ule ilikuwa maduka ya bati na mti wa kuegeshea baiskeli. Akatueleza kwamba kule majani hudondosha maji hata kama mvua imekatika tangu asubuhi. Kuna iliki inaota kivulini, kuna mbao, kuna dawa, kuna vinyonga wasiopatikana pengine popote, na kuna vijito vinavyotoka chini ya mizizi na kuteremka mpaka mijini. Alipotaja vijito sauti yake ilishuka kidogo.

Shija, mvulana aliyekaa dawati la nyuma, akanyoosha mkono. "Mwalimu, huko msituni ng'ombe wanakula nini?"

"Msituni hakuna ng'ombe, Shija."

Tulimwonea huruma mtu aliyetoka mahali pa namna hiyo.

"Pole, mwalimu," Shija akasema, na hakuwa anatania.

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akatuambia neno ambalo lilinikaa kichwani kuliko mengine yote: msitu huita mvua. Ukiukata, mvua hukosa njia. Akauliza kama hapa kwetu kuna kitu chochote kinachofanana na hicho, japo kidogo, na darasa zima likageuka kunitazama mimi. Nyumbani kwetu kulikuwa na ngitili kubwa kuliko zote za upande ule.

Kwa wasiokulia kwetu, ngitili ni malisho yaliyofungwa. Mvua zikianza, mwenye eneo huondoa mifugo yake akaacha majani na miti viote bila kuguswa. Kiangazi kikikaza, nje kukiwa hakuna tena cha kutafuna, hufungua kipande kwa kipande, na hawaingii ng'ombe wote. Wanaingia ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai wa kulimia, na wagonjwa. Yetu aliianza babu. Upande wa njia alipanda minyaa, pande nyingine aliacha vichaka vijifunge vyenyewe, na mlango ulikuwa matawi ya mgunga yaliyolazwa kwenye upenyo. Mtu mzima angeyasogeza kwa mguu. Hakuna aliyeyasogeza. Watu walikuwa wamekubali kwamba pamefungwa, basi. Babu aliacha na kanuni moja ambayo baba aliirudia mpaka sisi watoto tukawa tunaimalizia: ng'ombe mgonjwa hakatazwi, awe wako, awe wa jirani.

Baba yangu hakuwa mtu wa maneno matamu. Hasira zake zilikaa karibu, na mchana wote alionekana kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Mwalimu alipokuja nyumbani kuomba ruhusa, alimwamkia kwa Kisukuma alichofundishwa na wanafunzi.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'walimu," baba akaitikia, mdomo ukicheza kidogo kwa lafudhi ile ya milimani. "Nasikia unataka kuingiza watoto kwenye ngitili yangu. Wakafanye nini?"

"Wakajifunze, mzee."

"Wajifunze nini? Majani wanayaona kila siku."

"Faida zake, na namna ya kuyatunza."

Baba akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepeleka habari kwamba hayatunzwi. "Wapite kwa mstari mmoja," akasema mwishowe. "Atakayevunja tawi nitamjua, na baba yake ninamjua pia."

Tukaingia kwa mstari mmoja. Nilikuwa nimepita nje ya ngitili ile maisha yangu yote, lakini ndani, wakati imefungwa, nilikuwa sijatia mguu. Majani yalitufika shingoni. Kulikuwa na ubaridi uliokaa chini, kwenye vifundo vya miguu, na harufu ya vumbi lililolowa, ya maua ya mgunga, ya asali. Kanga wa porini waliruka mbele yetu kwa kishindo, wasichana tukapiga kelele, mwalimu naye akapiga. Tulikula matunda ya furu mpaka ndimi zikawa nyeusi. Nilimwonyesha mti ambao mama aliuchimba mizizi ya dawa ya tumbo, akaandika. Shija alionyesha mzinga wa babu yake uliotundikwa humo kwa ruhusa. Mwalimu akapiga magoti, akafukua majani makavu kwa vidole, akatuita tuweke viganja pale chini. Palikuwa na unyevu. Nje tulikotoka, ardhi ilikuwa imepasuka nyufa za kuingia mguu wa ndama.

"Huu ni mdogo wake msitu wa kwetu," akasema.

"Wa mama mmoja?" Shija akauliza.

"Mama mmoja."

Yeye alichelewa kuondoa mkono wake. Sisi tulishasimama na kujipangusa, yeye bado yuko pale na kiganja udongoni. Wakati ule nilidhani ameangusha kitu.

Hapo ndipo kichwa changu cha kitoto kilipofunga mahesabu yake. Msitu huita mvua, mwalimu kasema. Ngitili ni mdogo wake msitu. Mvua zinaponyesha, ngitili huwa imefungwa. Baba akiifungua, jua linawaka na wingu halionekani. Kwa hiyo anayefukuza mvua kila mwaka ni baba. Sikuona mahali pa kukosea. Tena jina langu ni Kabula, jina la mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha, na watu walizoea kunitania nikipita kisimani wakati wa kiangazi: "Kabula, mvua yako umeificha wapi?" Nikaona nimejua jambo ambalo wakubwa wote wamelipita wakiwa macho wazi, na kwamba ni langu kulishughulikia.

Kiangazi kilipokaza nikamfuata baba akinoa panga. "Baba, mwaka huu usiifungue."

"Nini?"

"Ngitili. Iache."

"Na Sabuni atakula nini? Daftari lako?" Sabuni alikuwa ng'ombe wetu wa maziwa, mweupe, mpole kuliko watu wengi. Baba akafungua kipande cha kwanza siku hiyohiyo, akaingiza ndama na Sabuni. Nikawa naangalia mbingu kila asubuhi. Haikubadilika, na mimi sikushangaa.

Mwezi wa kupanda pamba ukafika bila mvua. Watu walikuwa wameandaa mashamba, mbegu ziko ndani ya nyumba, udongo mgumu kama sakafu. Ukapita mwezi mwingine. Tulianza kula michembe, vile viazi vilivyokaushwa, asubuhi na jioni, na nsansa, mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, bila karanga. Baba mdogo alikwenda mpaka Malampaka kutafuta mahindi akarudi na nusu gunia na habari mbaya, kwamba hata huko ni hivyohivyo. Alfajiri wanaume walipita nyumba hadi nyumba kuinua ng'ombe. Ng'ombe aliyedhoofika akilala hawezi kusimama mwenyewe. Hupitishwa gogo chini ya tumbo, wanaume wakashika huku na huku, mmoja akakamata mkia, wakahesabu, wakainua. Akisimama, ana siku moja mbele yake. Tulikwenda shule tukipishana na wanaume wale wakirudi, magogo begani.

Ngitili yetu sehemu kubwa ilikuwa bado imesimama. Ukiwa mbali uliiona kama kivuli kilicholala kwenye nchi nyeupe. Hakuna aliyesema neno kuihusu, na kutosema kwao kulimchosha baba kuliko kuombwa.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Minza, mjane, jirani yetu wa upande wa bondeni. Mali yake yote ilikuwa maksai wawili. Aliwalimia watu mashamba kwa plau, wakamlipa mahindi, ndivyo alivyolea watoto. Alifika asubuhi akiwavuta kwa kamba, binti yake Minza anasukuma nyuma. Hakuomba. Alisimama mbele ya miiba, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?" baba akamjibu, akimwita mama kwa heshima.

"Mhola duhu."

Ni amani tu, ndivyo alivyosema, na nyuma yake maksai mmoja alikuwa amekwisha piga magoti mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama kando ya baba. Nilimwombea akatae. Nasema wazi, niliomba kwa nguvu zangu zote, kwa Mungu wa kanisani na kwa babu kaburini, kwamba aseme hapana. Niliamini akiwaingiza hao mvua haitakuja tena kabisa. Baba aliangalia maksai, akaangalia miguu ya Minza iliyopauka vumbi mpaka magotini. Akashusha pumzi.

"Mzee alisema mgonjwa hakatazwi," akanung'unika, kama mtu anayemlaumu marehemu. Akakamata matawi kwa mikono yake akayavuta pembeni. Yule maksai aliyepiga magoti, wanaume wa magogo walikuja wakambeba mpaka ndani.

Habari haikuhitaji kutangazwa. Kesho yake walikuja wengine, na keshokutwa wengine. Kila mmoja alisimama pale kwenye upenyo, akaamkia, akasubiri. Siku za mwanzo baba alijaribu kuchagua.

"Huyu ni mgonjwa?" aliuliza.

"Mwangalie mwenyewe, Baba Kabula."

Alimwangalia. Mbavu zinahesabika, macho yamezama, ngozi imeshika mifupa. Angemwitaje mzima? Kanuni ya babu ilitungwa kwa miaka ambayo mgonjwa ni mmoja kundini. Mwaka ule wazima hawakuwepo. Au niseme walikuwepo kidogo, na walikuwa wa kwetu, kwa kuwa walianza kula mapema. Baba aliwatoa wa kwetu nje ili wagonjwa watangulie. Mama alimwuliza ndiyo nini hiyo. Alimjibu kwamba hajui, amwache, ana usingizi.

Jioni moja Mwalimu Shemweta alikuja. Moyo wangu ukapona. Nikajua huyu ndiye atakayemwambia baba jambo ambalo mimi sikuweza kulisema.

"Mzee, wakiila mpaka mizizi haitarudi," alisema bila hata kukaa. "Ifunge sasa. Ibaki angalau mbegu."

"Nifunge." Baba alikuwa anachokonoa mwiba kwenye kiganja. "Nimfungie nani? Nitajie jina."

Mwalimu akatazama njia inayokwenda kijijini.

"Mtu mmoja tu, ng'walimu. Mtaje, kesho akija nimrudishe."

Mwalimu alikuwa amepanga chumba nyumbani kwa kina Shija. Ng'ombe wa kina Shija walikuwa ndani ya ngitili tangu juma lililopita. Chai yake ya asubuhi ilitiwa maziwa yao, hayo kidogo yaliyobaki. Alisimama pale akichezea kifungo cha shati, na nikamwona anatafuta jina, anazunguka kijiji kizima nyumba kwa nyumba kichwani mwake, na kila nyumba kuna mtoto anayemfundisha.

"Ningekuwa kwetu," alisema hatimaye, "ningejua la kusema."

"Kwenu hakuna ng'ombe," baba akamjibu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Majani yalipokwisha wakaanza kukata matawi ili mbuzi na ndama wapate kutafuna. Mwalimu alikuja na panga la kuazima. Nilimwona juu ya mgunga, amevaa shati lake la kazi, anakata na kuangusha, huku chini Shija na dada zake wanakokota matawi. Alinipungia mkono. Sikumpungia. Nilikimbilia nyuma ya zizi nikalia kwa hasira. Niliwachukia wote wawili, yeye na baba, na kwa kuwa nilikuwa mtoto nilidhani chuki hiyo nitakuwa nayo mpaka uzeeni.

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Ngitili ilikuwa vumbi na visiki, na vijiti vyeupe vya miti iliyochunwa magome. Kanga walihama. Ng'ombe wetu waliokuwa wazima wakaanza kudhoofika sasa, wakati hakuna tena pa kumpeleka mgonjwa. Walikwenda mmoja mmoja. Sabuni alikuwa wa mwisho. Wanaume walikuja kumwinua, wakamwinua vizuri, akasimama, akamwangalia mama, akalala tena. Mama alikaa naye amemshika sikio. Mimi sikuweza kukaa. Maksai wa Mama Minza walipona, maana wao walitangulia kula, wakapata nguvu ya kutembea. Minza aliwaswaga polepole mpaka Lamadi kwa mjomba wake mvuvi, ambako kando ya ziwa majani hayaishi.

Na mvua ikaja. Ilikuja mchana, kwa upepo na mchanga, na ikanyesha juu ya ngitili iliyo wazi, iliyonyolewa, isiyo na mlango. Nilisimama uani nikilowa na sielewi kitu. Kumbe baba hakuwa anafukuza mvua. Kumbe haikutujua hata kidogo, wala yeye, wala mimi na jina langu. Watu walikuwa wanashangilia, na mimi niliona aibu isiyo na mtu wa kuambiwa. Maji yalipita kwenye ngitili bila kusimama, meusi kwa tope, yakateremka bondeni na udongo wa juu wote.

Majuma machache baadaye majani yaliota. Hayakuwa yale. Yalikuwa mafupi, yenye mabaka ya magugu, lakini yalikuwa ya kijani na baba aliyaangalia kila asubuhi akiwa amesimama njiani mikono nyuma. Kisha siku moja akachukua panga, akakata matawi ya miiba, akanitwisha machache, tukaenda kuyalaza kwenye upenyo. Alitaka kuifunga upya. Alisema miaka mitatu, minne, itasimama. Sijawahi kumsikia baba akipanga jambo kwa sauti kama siku ile, na hasira zangu zote zilinitoka nikiwa njiani na miiba kichwani. Niliitaka ifungwe kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Asubuhi yake matawi yalikuwa yamesogezwa na ndani kuna mbuzi. Tukayarudisha. Kesho yake vilevile. Baba akaenda kuongea na watu, na mimi nikiwa nyuma yake niliwasikia wakimjibu, tena kwa upole, kwa mshangao wa kweli.

"Baba Kabula, sasa unamfungia nani? Huna ng'ombe hata mmoja."

"Nafunga majani yaote."

"Yaote yaliwe na nani?"

"Mwaka wa shida wataingia wagonjwa."

"Mwaka wa shida ulikuwa juzi, na uliifungua mwenyewe. Tulishukuru. Sasa watoto wanachunga wapi?"

Hawakuwa watu wabaya. Nimekaa na jambo hili miaka yote nikimtafuta mbaya na sijampata. Kitu kilichoifunga ngitili kilikuwa kukubali kwao, na kukubali kulikanyagwa pamoja na majani mwaka ule, na kwenyewe hakukuota tena. Siku hizi huwaambia wanafunzi wangu kwamba miti hupandwa. Hilo lingine silitaji, maana silijui linapandwaje.

Tulirudisha miiba muda mrefu. Mwalimu Shemweta alipata uhamisho akarudi upande wa kwao, na siku ya kuondoka alimpa baba mkono akaushika kwa mikono yote miwili, wakatazamana, wakazungumzia basi. Baba mdogo alikuja kila Jumapili baada ya ibada kusema lilelile: eneo limekaa bure, litiwe pamba, watoto wapate sare. Mama naye akaanza. "Umechoka, Baba Kabula," alimwambia. Alikuwa amechoka kweli. Alikuwa anatembea kama wale wanaume wa magogo.

Asubuhi ya mwisho tulifika tukakuta hata matawi hayapo. Mtu alikuwa amepita akayachukua kuni. Baba alizunguka pale akitafuta, kana kwamba miiba inaweza kuwa imejificha. Kisha akasema, "Haya," akageuka, na jioni hiyo akamwambia baba mdogo atafute maksai wa kulima.

Maksai walikuwa wawili tu upande ule mzima. Mama Minza alikuwa amewarudisha kutoka Lamadi, wamenona, manyoya yanang'aa. Aliposikia ni baba anayehitaji kulimiwa, alikuja mwenyewe kabla ya jua, akiwa amebeba plau kwa mkokoteni. Baba mdogo akamuuliza malipo. Mama Minza alikasirika kabisa.

"Yaya," akakataa. "Nimtoze nini huyu? Hawa wangekuwa mifupa."

Wakati wa kulima mtoto hutangulia mbele na kamba ili maksai wanyooke. Kazi hiyo nilipewa mimi. Baba alishika plau, Mama Minza alitembea pembeni na fimbo ambayo hakuitumia. Tuliingilia pale penye upenyo. Nilisikia pumzi za maksai shingoni, za moto, zina harufu ya majani. Nyuma yao nilisikia mizizi ikikatika chini ya ardhi, mlio wa nguo nzito inayochanwa, na baba akisema "Vuta" kwa sauti ndogo, mara moja kila tulipokwama kwenye kisiki. Niliambiwa nisigeuke nyuma nisije nikapinda mstari. Sikugeuka. Udongo uliofunuliwa ulikuwa mweusi na wa baridi, nilikuwa naukanyaga kila tulipozunguka kuanza mstari mpya, na nililia njia nzima kwa kuwa hakuna aliyekuwa mbele yangu wa kuniona.

Tulimaliza kabla jua halijawa kali. Mama Minza akampapasa maksai mmoja shingoni, akatabasamu kwa baba, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyefanikiwa kurudisha fadhila.

"Umeona walivyo na nguvu, baba? Gete, kweli, ni majani yako haya."

"Nimeona," baba akasema. "Wabeja sana, mayu." Akamshukuru hivyo mara mbili, akainama kufungua mnyororo wa plau.